Kamanda Aliyengoja Mlangoni

Wapendwa, Mungu ametuamsha wazima, na ng'ombe wetu tumewasikia wakilia zizini kwetu, si porini kwa watu. Tumshukuru! Tena leo tuna wageni, vijana wa kambini, wale pale mabenchi ya nyuma, wamekaa wima utadhani wako gwaride. Legezeni mabega, wanangu, hapa hakuna anayekagua. Mwaka mzima nyinyi mmekesha mpakani, na sisi tumelala usingizi wa kukoroma. Tutawaombea. Lakini kabla ya hapo nina mfano, na ni mfupi. Akina mama mlioacha maharage jikoni, msihangaike.

Palikuwa na kijiji cha wakulima wa pamba, mto upande mmoja, majaruba ya mpunga upande wa pili. Msimu fulani wakavamiwa. Wezi wa ng'ombe walivuka kivukoni kabla hakujapambazuka, wakaswaga mifugo, na kijana aliyejaribu kuwazuia pale zizini wakamuua. Kijana yule alikuwa na kaka yake. Kaka akamzika mdogo wake, na udongo haujakauka, kijiji kikamwambia: wewe ndiye kamanda wetu wa ulinzi. Tangu siku hiyo mtu yule alikuwa na jambo moja tu kichwani mwake, kwamba hatazika mtu mwingine.

Mkutano ukafanyika kwenye ghala la pamba. Kamanda akaomba, wakampa. Vijana wote wenye nguvu wawe chini yake? Wakampa. Filimbi ikilia kila mtu atoke? Wakampa. Afunge njia, asimamishe wageni, akague mikokoteni? Wakampa yote hayo mpaka mavuno yaishe, kisha wakutane tena waone. Ndipo akaomba la mwisho.

"Nataka ruhusa ya kuingia nyumba yoyote, saa yoyote, bila hodi," akasema. "Wezi hawa wana watu wao humu humu ndani. Adui hapigi hodi, na mimi sitapiga."

Watu wakapiga makofi. Msiwacheke, walikuwa wanaogopa. Ukishikwa na hofu hujui hata unachotoa. Makofi hayajaisha, akasimama mkunga wa kijiji, mama mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto.

"Kamanda, mwanangu, wewe nilikupokea kwa mikono hii, ukatoka ukipiga kelele hivyo hivyo."

Ghala zima likacheka.

"Hakuna nyumba humu sijaingia," akaendelea. "Nimeitwa mtoto kichwa kiko nje, mama yake anakata roho. Na bado mlangoni nilisema hodi, nikasikia karibu, ndipo nikaingia. Wewe una haraka gani ya kunizidi mimi?"

Kamanda hakucheka. "Mama, mdogo wangu amekufa."

"Najua, baba. Na yeye nilimpokea mimi."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Wakabishana mpaka jua likageuka, na mwishowe wakakata hivi: nje ya nyumba, amri ni ya kamanda. Akifika mlangoni mwa mtu, atapiga hodi, atataja jina lake na kilichomleta, na atangoja. Asipofunguliwa, aizungushie nyumba watu wake, aite wazee wawili wa baraza, waingie pamoja naye. Kamanda akaahidi mbele ya wote, shingo upande.

Kamanda alitoka pale kifua kimejaa hasira. Aliona wamempa mkuki kisha wakamfunga mkono. Na aliyemchukia kuliko wote ni yule mama, maana kijiji kizima kilijua kwamba mwanawe wa kiume ametoweka, na inasemekana yuko na wezi. Akasema moyoni, ahaa, kumbe anautetea mlango wake!

Akapanga vita yake. Wezi walipitia kivukoni, basi watu wote akawapeleka kivukoni. Wakachimba mahandaki, wakaficha mikuki kwenye matete. Kila jioni kamanda alikuwa akitembea ukingoni mwa mto, akiona kazi yake ni nzuri, na kweli ilikuwa nzuri. Watu wakaanza tena kulala.

Sasa sikilizeni. Alasiri moja, jua kali, mlinzi mmoja akamjia mbio. "Kamanda, yule mtoto wa mkunga kaonekana! Kapita nyuma ya migomba, kaingia kwa mama yake."

Kamanda hakungoja amalize. Alikimbia. Vijana wake wakamfuata na marungu yao, wakafika pale jasho linawatoka. Mlango umefungwa, mlango wenyewe wa mbao za kubahatisha, teke moja tu. Kamanda akainua mguu.

"Piga, kamanda," akasema kijana wa karibu yake. "Nani atakulaumu?"

Hebu niambieni, ndugu zangu. Mdogo wako yuko kaburini. Mwenzao wale waliomuua yuko nyuma ya mbao zile, na pengine anatafuta dirisha la kutokea. Ungefanyaje? Semeni, msione haya! Ehe. Nimewasikia. Huyo wa upande wa kwaya amesema "piga teke." Asante kwa ukweli wako.

Kamanda alishusha mguu. Tusimsifu kupita kiasi, hakuushusha kwa upole. Aliushusha kwa sababu aliwaahidi watu mbele ya ghala zima. Akawapa vijana ishara waizunguke nyumba.

"Hodi!" Kimya. "Hodi humu ndani! Ni mimi, kamanda. Nimemfuata mwanao." Kisha, kwa mazoea ya kulelewa vizuri, hasira zote zile na bado ikamtoka: "Shikamoo, mama."

"Marahaba," sauti ikajibu. "Karibu. Lakini ningoje, baba. Ningoje kidogo."

Akangoja. Jamani, mmewahi kungoja hivyo? Alisikia minong'ono. Alisikia mtu akilia, na hakujua kama ni mwanamke au mwanamume. Kitu kizito kikaburuzwa sakafuni. Kila pumzi aliona ni nafasi anayompa adui. Akaulaani mkutano, akalilaani ghala, akamlaani na mwenye nyumba.

Mlango ukafunguliwa. Yule mama alisimama, mkononi ameshika gobore, ameligeuza mdomo chini.

"Lilikuwa limeshindiliwa," akasema. "Lilikuwa limelenga hapo ulipo. Aliapa kwamba wa kwanza kuingia atamfyatulia, ndipo na yeye auawe."

Nyuma yake kijana alikuwa amekaa chini, kichwa magotini.

"Ulimfanyaje mpaka akakuachia?" Kamanda akauliza.

"Mimi sikufanya kitu. Uliponisalimia nikamwambia, unasikia, mwanangu? Anabisha hodi. Mtu aliyekuja kukuua hapigi hodi. Ndipo akalegea, nikalichukua."

Yule kijana akainua uso. "Sikuja kupigana," akasema. "Nimewatoroka. Nilikuja kumchukua mama, maana wanakuja kesho alfajiri. Hawapiti mtoni. Wanajua mmejaa mtoni. Wanapita majarubani."

Majarubani! Upande ambao kamanda hakuweka hata mtu mmoja. Ule mpango wake mzuri, wapendwa, ulikuwa umeufunga mlango wa mbele na kuuacha wa nyuma wazi, na asingejua kamwe endapo kijana yule angekufa na maneno yake mdomoni.

Jioni ile walinzi wakahamishwa kutoka mtoni kwenda majarubani. Alfajiri wezi wakaja wakinyapia kwenye matuta ya mpunga, wakakuta mienge inawaka mbele yao mstari mzima na filimbi zinalia. Wakageuka wakakimbia. Hakuna ng'ombe aliyeondoka. Hakuna mama aliyezika. Na yule kijana? Msidhani aliachiwa. Alipelekwa barazani, kisha polisi, kisha mahakamani, akiwa mzima, bila kovu hata moja, na akatumikia kifungo chake kwa aliyoyafanya. Mama yake alikuwa akimpelekea chakula.

Mavuno yalipoisha kamanda alirudi kwenye mlango ule, safari hii na jogoo kwapani. Akapiga hodi, akakaribishwa, akakaa kwenye kigoda.

"Mama, siku ile kwenye ghala nilikulaani."

"Nilijua. Uliukunja uso ukawa kama umemeza shubiri."

"Nimekuja kushukuru. Wengi nimeshawashukuru kwa walichonipa. Wewe nakushukuru kwa ulichoninyima."

Na mtu mzima yule, mwenye mikuki na filimbi, akalia kama mtoto mbele ya aliyempokea kwa mikono yake.

Sasa tuje kwetu. Nyinyi mliosema piga teke, mmeona? Kamanda wenu mngekuwa mmemzika, na alfajiri yake mngezikana wenyewe. Tena mlisema kwa nia njema! Hilo ndilo linaloniogopesha mimi, kwamba tulisema kwa nia njema.

Tunajua kuomba ulinzi, na tunajua kumshukuru Mungu kwa wenye silaha. Ni vema, na wanastahili. Lakini nani kati yetu amewahi kupiga magoti akashukuru kwa katiba? Nani ameshukuru kwa hakimu aliyesema "subiri, ushahidi uko wapi?" Nani ameshukuru kwa mbunge aliyesimama akauliza, mamlaka haya mwisho wake lini? Tunawaona wakorofi. Tunasema wanawatetea wahalifu. Kumbe pengine wakati ule ule walikuwa wanayaokoa maisha ya askari wetu, maana raia asiyemwogopa askari ndiye anayemfungulia na kumwambia adui anapita wapi. Mkakati gani wa vita unaweza kufaulu bila huyo?

Wanangu wa kambini, siku mtakapofika mlangoni kwa mtu mkiwa na hasira na haki ya kuwa na hasira, sheria itawaambia mngoje. Msidhani inawadharau. Na sisi raia, siku hofu itakapotuingia, tuwape wanaotulinda vyote wanavyohitaji, ila tusiwape na milango yetu kwa makofi.

Basi njooni mbele, vijana, njooni tuwaombee. Na wewe mama mwanasheria uliyejificha karibu na nguzo, uliyemshitaki mkuu wao mwaka jana ukamshinda, njoo na wewe. Usitikise kichwa, njoo! Simama katikati yao. Vijana, sogeeni, mpeni nafasi. Leo kanisa hili litawashukuru kwa pamoja.