Ubao wa Nyumba ya Mifupa

Hapo zamani za kale, kule Ulaya kwenye theluji, wakati vitabu vilipoandikwa kwa mkono na wenye kuvimiliki walikuwa wachache, wanyama walikuwa na nyumba ya mawe nje ya kijiji chao. Ndani ilipangwa mifupa ya babu zao, mafuvu juu, miguu chini. Upepo ukipita kwenye matundu ya macho, mafuvu yalilia: uuuu, uuuu.

Ukutani palikuwa na ubao uliochongwa maneno ya babu hao. Mlinzi wake alikuwa Mbwa Mwitu, mwenye kanzu ndefu nyeupe.

"Hii ni lugha ya wafu," alisema. "Mimi tu ndiye niijuaye. Mwingine akiutazama ubao, atapofuka."

Kwa hiyo kila aliyeingia alifumba macho na kuweka paji la uso sakafuni. Na kila mwaka, theluji ya kwanza ilipoanguka, Mbwa Mwitu alisoma jina la mtoto anayetakiwa na wafu. Mtoto aliingia na njuga yake shingoni, na mlango ukafungwa nyuma yake. Kesho yake njuga ilikutwa kizingitini, imelambwa hadi inang'aa.

Mwaka huo jina lilikuwa Pamba, mwana wa Kondoo. Alipewa siku tatu.

Panya, aliyekuwa akifagia ile nyumba, alikwenda kwa Kondoo.

"Hodi, Mama Pamba."

"Karibu, mdogo wangu. Angalia usikanyage vitu vyake." Kondoo alikuwa akikunja nguo ndogo, akizikunjua, akizikunja tena.

"Dada, herufi unazijua?"

"Nani asiyezijua? Tusingeandika majina kwenye majagi ya maziwa, Bata angeshabeba yote."

"Basi tuusome ubao."

"We Panya! Unataka kupofuka?"

"Nani kasema nitautazama? Nipe kitambaa chako cha kuchujia maziwa. Na masizi ya chungu, na mafuta kidogo."

Panya akaingia Nyumba ya Mifupa akiwa amefumba macho. Akapapasa ukuta kwa pua mpaka akaufikia ubao. Akaupaka masizi yenye mafuta, akabandika kitambaa juu yake, akakisugua kwa kiganja. Sugu, sugu, sugu. Juu yake mafuvu yalilia: uuuu. Akakibandua, akakificha ndani ya aproni, akaanza kufuta ubao kwa tambara.

Ghafla mafuvu yakanyamaza.

Kitu kilikuwa kimesimama mlangoni, kimeuzuia upepo.

"Panya."

"Naam, Baba Mbwa Mwitu."

"Unafanya nini?"

"Nafuta vumbi, Baba. Babu zetu wamechafuka."

"Na macho?"

"Nimeyafumba. Njoo uyaguse."

Ukucha wa baridi ukapita juu ya kope yake ya kulia. Polepole. Kisha ya kushoto.

"Mtoto mwema," ilinong'ona ile sauti. "Fumba hivyo hivyo."

Mara upepo ukarudi. Uuuu.

Nyumbani kwa Kondoo wakakunjua kitambaa. Kilikuwa cheusi tii, na ndani ya weusi herufi zilibaki nyeupe kama meno. Lakini zote zilitazama nyuma.

"Ni kweli!" Kondoo akalia. "Ni lugha ya wafu! Mwanangu amekwisha!"

Panya akakitundika kitambaa dirishani kikauke, akatoka nje kupunga hewa. Mara akaita, "Dada! Njoo nje! Njoo uone!"

Huko nje, kwa upande wa pili wa kitambaa, mwanga wa moto wa jikoni ulipenya katika herufi. Zote zilikuwa zimenyooka. Kondoo akasoma, kisha akajifunika uso kwa mikono.

"Kimya, dada," Panya akasema. "Tukisema leo, atatuita waongo. Azima vitambaa vya akina mama wote."

Kwa siku mbili zilizobaki, Panya aliifuta ile nyumba kuliko miaka yote, na kila mama akarudishiwa kitambaa chake kimekunjwa, akaambiwa asikifungue kabla ya siku ya tatu.

Asubuhi ya tatu theluji ikaanguka tena, kisha jua likachomoza. Wanyama wote walikusanyika. Mbwa Mwitu alipanda juu ya jiwe, jua likiwa mgongoni mwake. Pamba alisimama mbele yake. Njuga ilitikisika: chi, chi, chi.

"Baba," Panya akasema, "kabla hajaingia, hebu tusomee hiki. Ni maneno ya ubao, nimeyanakili nikiwa nimefumba macho. Sisi hatuyaelewi."

Mbwa Mwitu akasita. Lakini macho yote yalikuwa juu yake. Akakishika kitambaa, akakiinua mbele ya uso wake, zile herufi za kinyumenyume zikimtazama.

"Naam, ndiyo yenyewe," akasema, akifuata mistari kwa ukucha. "Yanasema: tuleteeni Pamba."

Jua likapita katika kitambaa. Upande wa wanyama herufi zikawaka, moja moja. Kifaranga mdogo wa Bata akaanza kusoma kwa sauti, kama asomavyo majagi ya mama yake:

"Si-si tu-li-o-ku-fa ha-tu-li te-na. Nyu-mba hi-i ni ya ku-ji-ki-nga na ba-ri-di. M-si-fu-nge m-la-ngo."

Wanyama wote wakageuka kumtazama Mbwa Mwitu.

"Uongo!" Mbwa Mwitu akanguruma. Chaaa! Akakirarua.

"Rarua tu, Baba," Panya akasema.

Bata akatoa chake. Nguruwe akatoa chake. Sungura naye. Vitambaa ishirini vikapepea, vyote vyeusi, vyote vikisema neno lile lile.

"Ulikuwa ukisoma nini miaka yote?" Kondoo akauliza kwa sauti ndogo. "Watoto wetu... ulikuwa ukisoma nini?"

Ng'ombe akainamisha pembe. Mbwa Mwitu akarudi nyuma hatua moja, ya pili, kisha akatimka porini. Kanzu ilibaki kwenye theluji, mikono imetanuliwa.

Kondoo akamvua mwanawe njuga. Wakaingia Nyumba ya Mifupa macho wazi, wakauacha mlango wazi nyuma yao. Upepo ulivuma vilevile, lakini mafuvu hayakulia tena, maana maneno yao yalikuwa yamesikika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wanangu: neno linalowahusu wote, lisomwe na wote.