Mfereji wa Msikiti na Kisima cha Ummu Safwani

Inasimuliwa na waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa milimani, katika nchi za Sham, aliishi fundi wa maji aliyeitwa Khuzayma bin Aswad. Hapakuwa na hamamu wala nyumba ya wageni iliyojengwa mjini humo bila yeye kuulizwa maji yataingilia wapi na yatatokea wapi. Alikuwa na desturi ambayo waashi hawakuipenda. Hakuruhusu jiwe liwekwe mpaka yeye atembee uwanja wote na kiriba begani, akimwaga maji kidogo hapa na kidogo pale, kisha achuchumae ayatazame yanakokimbilia. Waashi hukaa pembeni wakipiga miayo. Wakimhimiza huwaambia, "Ukuta ukikosea mtaubomoa. Maji yakikosea yatawabomoa nyinyi."

Basi alikuwepo katika mji huo Sheikh Labid, mfanyabiashara mcha Mungu, ambaye mafukara walikuwa wakilijua jiko lake kuliko watoto wake walivyolijua. Uzeeni maradhi ya kifua yalimlaza, na matabibu wakaacha kumficha kwamba siku zake ni chache. Hapo akatamani jambo moja tu: ajenge msikiti katika mtaa wa juu, ambao watu wake walikuwa wakishuka bonde zima kuifuata swala ya jamaa, na yeye mwenyewe aswali humo japo swala moja kabla hajafariki dunia. Akamwita Khuzayma, akamshika mkono.

"Mwanangu," alimwambia, "nipangie maji ya msikiti wangu, na uharakishe. Mimi sina muda wa kungoja."

Khuzayma alimpenda mzee yule mapenzi ya mtoto kwa baba, kwa kuwa ndiye aliyemlea alipofiwa na wazazi wake. Akaahidi, na asubuhi yake akatia kiriba begani.

Maji safi hayakumpa taabu. Chemchemi ilikuwa juu ya mtaa, akayapangia mabomba ya udongo wa kuchoma yateremke hadi kwenye birika la kutawadhia. Taabu ilikuwa kwenye maji machafu, ya vyooni na ya kuoshea miguu. Kila alipomwaga kiriba chake, maji yalikimbilia upande mmoja, upande wa kibla, yakapita pale pale utakaposimama ukuta wa mihrabu na kuteremka korongoni. Khuzayma akaona haya. Vipi waja wa Mungu wasujudu, na mbele ya nyuso zao, hata kama ni chini ya ardhi, ipite najisi? Nia yake ilikuwa njema kabisa. Akaamuru mfereji ugeuzwe upande wa kaskazini, wachimbe sana ndani ya mwamba hadi wapate mteremko. Watu wakamsifu kwa adabu yake, naye, ni mwanadamu, sifa zikamwingia.

Upande ule wa kaskazini ndiko alikokaa Ummu Safwani, mjane mkongwe, mwenye kisima uani mwake. Maji ya kisima hicho yalikuwa matamu, na tangu kazi ianze, kila siku alikuja na mtungi kuwanywesha mafundi. Hakuwahi kukosa. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando wa uzee, akitembea kwa kupapasa ukuta, na mafundi walizoea kumpokea mtungi mlangoni wakimwombea dua.

Mfereji ulipokamilika Khuzayma aliujaribu kama wanavyojaribu mafundi wa nchi ile. Aliziba mdomo wake wa chini, akaujaza maji yaliyokorogwa nili, ile rangi ya buluu ya kutilia nguo, akangoja apate kuona kama rangi itajitokeza popote juu ya ardhi. Haikujitokeza. Waashi wakapiga takbiri, mfereji ukafukiwa, kuta zikapanda kwa haraka.

Siku zikapita. Mchana mmoja wa joto Ummu Safwani akaleta mtungi wake, mafundi wakaunywa kwa zamu, mdomo kwa mtungi. Khuzayma alikuwa na bakuli lake jeupe la kauri. Akajimiminia, akalipeleka mdomoni, mkono ukasita. Ndani ya bakuli maji yalikuwa na rangi ya samawati, hafifu mno, ya kuonekana na mtu anayeijua tu.

"Baba, maji yangu yana nini leo, mbona hunywi?" aliuliza bibi kizee, kwa kuwa hakusikia sauti ya kumeza.

"Hayana neno, mama," alijibu Khuzayma, akayanywa. Nayo hayakuwa na neno kweli, kwani nili si najisi, na vyoo vilikuwa havijatumika. Lakini palipopita nili leo patapita mkojo kesho. Mwamba ule ulikuwa na nyufa.

Akamwita kando Shaddad, mkuu wa waashi, akamweleza. Shaddad alikuwa mtu wa kazi, si mtu mbaya. Akakuna ndevu.

"Tuupake mfereji chokaa nzito, tuufukie," alisema. "Chokaa yangu hudumu miaka."

"Mingapi?"

"Mingi. Kutushinda mimi na wewe. Fundi, ukiugeuza mfereji huu, hauna njia nyingine ila chini ya ukuta wa kibla, na ukuta wenyewe umeshasimama. Tutavunja hadi msingi. Sheikh Labid hatauona msikiti. Utalibeba wewe hilo?"

Ndugu zangu, tusimwone Khuzayma kama malaika. Roho yake ilimwambia: mzee anakata roho, na bibi kizee haoni, ukinyamaza, nani ataumia leo? Aliswali akiwa na jambo hilo kifuani, na swala haikumtulia. Akajua kwamba mwenye haki si Shaddad wala si yeye, akaenda kumbishia Ummu Safwani hodi.

Akamwambia yote, bila kujipamba. Bibi kizee akasikiliza huku akichambua dengu kwa vidole. Kisha akacheka.

"Sasa ndiyo umeniletea uso wa msiba? Sikiliza, mwanangu. Sheikh Labid ndiye aliyemzika mume wangu kwa sanda ya mali yake. Mwache aswali. Mimi na kisima changu tumezeeka pamoja, tutakwenda pamoja. Nimekusamehe duniani na akhera. Haya, nenda kamalize msikiti."

Khuzayma akainuka. Amepewa ruhusa na mwenye haki, kwa ulimi wake mwenyewe, na mbele yake yuko mzee anayemlilia Mungu ampe swala moja. Angeweza kuondoka, na hakuna kadhi ambaye angemlaumu. Alifika mlangoni, akashika komeo, akarudi.

"Mama, wewe umenisamehe haki yako, Mungu akulipe," alisema. "Lakini nyumba hii itakaliwa na wengine baada yako. Watoto wao watakunywa kisima hiki. Hao niwaombe radhi wapi, na hata kuzaliwa hawajazaliwa?"

Ummu Safwani akaacha dengu zake.

Ndipo Khuzayma akaenda kwa Sheikh Labid. Alimkuta ameegemezwa mito, pumzi zinapanda na kushuka kwa shida. Akapiga magoti, akaeleza kosa lake, na alipofika kwenye kuvunja ukuta akalia. Mzee akafumba macho, mpaka watu wa nyumbani wakadhani amelala.

"Na wenye elimu wanasemaje juu ya mfereji kupita upande wa kibla?" aliuliza mwishowe.

"Nimewauliza, sheikh wangu. Wamesema, ukiwa umefunikwa, chini ya ardhi, na ukuta umetenga, hauna dhara kwa mwenye kuswali. Ile adabu niliizua mwenyewe."

"Ukaukwepa ukuta, ukampata jirani," alisema mzee, na midomo yake ikatabasamu. Kisha akamshika mkono kama siku ile ya kwanza. "Khuzayma, najenga ili nikutane na Mola wangu. Unataka nifike mbele yake na watu nisiowajua wamenikamata kanzu? Vunjeni."

Wakavunja. Shaddad mwenyewe alishika nyundo, na inasemekana alikuwa akipiga huku machozi yanamtiririka, akimlaumu Khuzayma kwa sauti kubwa. Alasiri ile ile, Sheikh Labid akaamuru abebwe kwa machela hadi mtaa wa juu, akaione kazi. Wakamweka chini ya kivuli. Ummu Safwani akaja na mtungi, akamtawadhisha kwa mkono wake, maji yale yale ya kisima chake. Ukuta wa kibla ulikuwa umeanguka, na kupitia pengo lake mzee aliiona milima yote, wazi, hadi mwisho wa macho. Akaitazama, kisha akawageukia waashi.

"Enyi watu wangu, tulikuwa tunangoja nini?" aliuliza. "Tangu tulipotia nia, hapa ni mahali pa kusujudu, nami nimelala kitandani nangoja paa!"

Ikaadhiniwa. Wakatandika mkeka juu ya kifusi, akaswali kwa kukaa, na nyuma yake wakajipanga waashi na vumbi lao, na nyuma yao yule bibi kizee. Haukupita muda akafariki, Mungu amrehemu, ukuta wa kibla ukiwa bado haujafika kimo cha magoti.

Ndugu zangu, leo mtu hupandisha nyumba ya fahari, bomba la maji machafu akalitolea uani kwa jirani, kisha juu ya mlango akaandika Mashallah kwa herufi za dhahabu. Na akiulizwa husema, mbona jirani mwenyewe kanyamaza? Khuzayma alinyamaziwa, akasamehewa, akaombwa aache, na bado akavunja. Kila ajengaye kwetu huanza kwa kuuliza kibla kiko wapi, na hivyo ndivyo ipasavyo. Mungu atupe na ujasiri wa kuuliza majirani wanateka wapi maji yao.