Sifa za Bwana Shekue

Bwana Shekue, mwenye mtandao wa kupigia soga, aliagiza mtambo wa kuchuja jumbe: tusi lifutwe, sifa zake zirushwe kwa wote.

"Na ujumbe ukiwa na vyote viwili?" aliuliza Zamoyoni, aliyeajiriwa kuujaribu.

"Sifa zangu zishinde! Ukibisha, kazi huna."

"Hewala, bosi. Basi nikuandikie sifa kwa majaribio, ubonyeze "tuma" mwenyewe."

Shekue alibonyeza bila kusoma, meno yote nje. Mara simu za ofisi nzima zikalia, watu wakaangua kicheko. Akachungulia yake: "Shekue mtukufu, jasiri, mtanashati, kichwa maji!"

"Futa!" alifoka.

"Mtambo umekataa, bosi. Sifa zimeshinda."

"Basi tusi lishinde! Lishinde kila mara!"

"Hewala," alisema Zamoyoni, akaibadilisha kanuni huku mbavu zikimuuma kwa kicheko alichokizuia.