Kiboko na Tuko Pamoja Yake

Hadithi inabisha hodi!
– Ipite!
Imekuja na uongo mkobani!
– Ipite nao!

Mmeitikia kivivu. Tena kuna mmoja hapo anachezea simu, ameitikia kwa mdomo tu. Haya, nimeshawazoea.

Hapo kale, kale ya juzi tu, wanyama walikuwa na chuo kikuu chao bondeni. Mwalimu wao alikuwa Kongoti, yule ndege mkubwa mwenye upara. Kongoti alipenda kazi za kikundi, maana kusahihisha kazi moja ni rahisi kuliko kusahihisha nne. Akawaambia wajigawe wenyewe. Wakajigawa vipi? Kwa urafiki, jamani. Mtu anachagua wa kusoma naye utadhani anachagua wa kwenda naye harusini.

Kiboko alikuwa na marafiki chuo kizima. Akamchukua Ngiri kwa kuwa wanalala bweni moja. Akamchukua Pundamilia kwa kuwa ni rafiki wa Ngiri. Halafu akamchukua Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, ambaye hakuwa na rafiki hata mmoja. Mkidhani ni huruma, mmekosea. Pimbi alikuwa anasoma.

Sasa Pimbi alikuwa na shida kubwa. Mwaka uliopita aliwekwa kikundi kimoja na Kiboko huyo huyo. Pimbi akaandika kazi yote, Kiboko akasema ataiwasilisha yeye kwa kuwa ndiye anayejulikana. Akasimama mbele hajasoma hata mstari, akaongea upuuzi, wakafeli wote. Kiboko akacheka, yeye ana mjomba wake mkubwa serikalini. Pimbi akaambiwa akifeli tena somo hilo anarudishwa kwao mlimani. Na mama yake alishautangazia mlima mzima kwamba binti yake yuko chuo kikuu.

Wakafungua grupu la simu. Mwalimu Kongoti naye alikuwamo, kimya, anasoma tu.

Ti-ri-ri! Pimbi akauliza nani ataenda maktaba. Kiboko akajibu: Tuko pamoja. Ngiri akajibu: Tuko pamoja. Pundamilia akajibu: Tuko pamoja. Maktaba hakwenda mtu.

Ti-ri-ri! Pimbi akaandika wakutane kesho, atakuja na mihogo ya kuchemsha. Kiboko: Tuko pamoja. Ngiri: Tuko pamoja. Pundamilia: Tuko pamoja. Na kwenye mihogo, walikuja. Kiboko akala, nyakwa nyakwa nyakwa, akamaliza sufuria nzima, akafuta mdomo, akasema kikao kimekuwa kizuri sana.

Pimbi alilia kwa hasira. Hata mimi ningelia. Akaenda kwa Mwalimu Kongoti kuomba ahame kikundi. Kongoti akakuna upara, akasema kuhama ni ruksa, mradi wenzake wote wakubali kwa maandishi.

Wangekubali vipi? Akitoka, nani atawaandikia? Pimbi akakaa, akafikiri, kisha akaandika ujumbe mrefu. Akawasalimia, akawaulizia wa nyumbani, akawapa pole na jua, na katikati akaweka hivi: “Naomba nitoke kikundini nifanye kazi yangu peke yangu, nanyi mfanye yenu bila mimi. Mnakubali?”

Ti-ri-ri! Kiboko alikuwa anakula. Akaona ujumbe mrefu, akachoka kabla hajausoma. Akajibu: Tuko pamoja. Ngiri akaona Kiboko amejibu, akajibu: Tuko pamoja. Pundamilia akaona Ngiri amejibu, akajibu: Tuko pamoja sana.

Siku ya kuwasilisha ikafika. Kiboko akaenda mbele, puu, puu, puu, akageuka.

“Dada Pimbi, lete karatasi zetu.”

“Zetu zipi, kaka? Mimi nina zangu.”

Kiboko akalalamika kwamba ameibiwa kazi. Kongoti akatoa simu yake taratibu, akawasomea ule ujumbe, kisha akasoma majibu.

“Hii tuko pamoja si yako?”

“Mwalimu, ile ni kama salamu tu.”

“Basi wasalimie wenzako, wanakusubiri.”

Kiboko akafungua lile domo lote. Fuuu! Ukatoka upepo. Ngiri akatazama chini, Pundamilia akaomba kwenda msalani. Kisha Pimbi akapanda juu ya kiti ili aonekane, akaeleza kazi yake mwanzo hadi mwisho, akafaulu vizuri sana. Mama yake akautangazia mlima upya.

Jioni mjomba wa Kiboko akampigia Kongoti simu, akamwomba amfikirie kijana. Kongoti akamjibu: “Tuko pamoja, mzee.” Alama hazikubadilika.

Funzo lake? Kusoma kwa vikundi kunajenga upendo. Chagueni rafiki zenu, ujumbe mrefu msiusome, itikieni tu.

Hadithi inaaga!
– Iende salama!
Uongo wake inauacha hapa!
– Iende salama!
Na vyombo vya leo mnaosha ninyi!
– Iende salama!

Haya, mmekubali wenyewe. Masufuria yako nje.