Jiwe la Chumvi la Zimwi

Sogeeni, walaji wenzangu, mlambe kisa hiki kichungu.

Alikuwako Faki, mtu wa kutia chumvi kabla hajaonja. Mkewe, Mize, alidondosha mchuzi kiganjani, akaulamba, akauona umekolea, lakini sahani haijatua, Faki keshasema, "Chapwa!"

Siku moja zimwi likamkuta shambani, likampa jiwe la chumvi.

"Bure, bwana. Wewe kula tu."

Faki akalikwangua juu ya wali, akafurahi. Kesho yake wali uleule, "Chapwa!" Akakwangua maradufu. Mize akalia, "Mume wangu, chakula hakina kosa, ulimi wako ndio unaokufa! Jizuie kidogo, utazinduka."

"Nyamaza!"

Akaendelea hadi miguu ikamvimba na kiu haikumwisha. Mwishowe akalilamba jiwe lenyewe, nalo pia akaliita, "Chapwa!"

Hapo zimwi likapiga hodi, kisu mkononi.

"Kwetu ni mbali," likasema, "na nyama isiyotiwa chumvi huozea njiani."

Likamshika Faki mkono, likaulamba polepole toka kiganja hadi kiwiko.

"Mbona wanilamba?" Faki akalia.

"Mimi, bwana, huonja kwanza."