Vifuniko Thelathini na Sita

Mja mzito hamwonei haya mkunga. Akijifunika gubigubi na kudai hana neno, uchungu utamshika vilevile, na wa kumsaidia hatakuwapo. Ndivyo alivyo kila mwenye shida anayeificha kwa wale wale wenye uwezo wa kuitatua. Hudhani anajisitiri, kumbe anajimaliza.

Binti mmoja wa mwaka wa mwisho chuo kikuu aliyajua hayo tangu shule ya msingi. Aliwahi hata kuyaandikia insha, akasifiwa mbele ya darasa. Lakini kuandika ni kazi moja na kuishi ni nyingine. Kwao walimwita Profesa, na mama yake, fundi cherehani, alikwisha kumshonea gauni la mahafali la rangi ya samawati kabla hata tarehe haijatangazwa.

Kilichobaki kati yake na shahada kilikuwa tasnifu. Alichunguza vijidudu vya udongo wa vitalu kumi na viwili vya shamba la chuo. Udongo huo ulichimbwa kabla shamba halijatiwa mbolea, kwa hiyo kuupata mwingine kulitaka kungoja msimu ujao. Alipanda kiasi chake kwenye visahani thelathini na sita vya kuoteshea vijidudu, uliobaki akauweka kwenye jokofu la maabara, kisha akaandika namba za vitalu kwenye vifuniko. Hapo ndipo alipoteleza. Kila anayeingia maabara hufundishwa siku ya kwanza kuandika kwenye kitako, kwa kuwa kifuniko hutembea. Alifundishwa, na alijua, ila siku hiyo alikuwa na haraka zake.

Siku ya tatu, alipokuwa akivitoa kwenye kabati la joto, kiwiko chake kiligonga mlango. Trei ikainama, visahani vikateleza mezani, na vifuniko vyote vikabingirika sakafuni. Vijidudu vilikuwa vimeota vizuri sana, lakini hakuna aliyeweza kusema vya kitalu gani.

Angekwenda kusema siku ile ile. Lakini msimamizi wake alikuwa yule mhadhiri ambaye wanafunzi walimwita Msumeno, kwa kuwa alikata akienda na akirudi. Mwaka uliotangulia alimrudishia mwanafunzi kurasa themanini zikiwa na neno moja tu juu: "Anza." Binti alilikumbuka neno lile. Akavifunika visahani kwa kubahatisha, akavirudisha, akatoka kimya kama aliyeiba.

Kuanzia hapo aliishi kama panya. Msumeno alitembea na kitita cha funguo kiunoni, na binti akajifunza kuzitambua zikilia kutoka mbali. Zikilia maktaba, anainama chini ya meza kutafuta kalamu isiyopotea. Njia ya maabara aliihama kabisa. Alipoulizwa kuhusu matokeo, alijibu kwamba ana homa, kisha kwamba kompyuta imeharibika, kisha akamzika shangazi yake, mama wa watu aliye hai na afya tele. Simu ikiita, aliikata kabla hajaona jina.

Mwenzake wa chumbani, aliyekuwa akiijua siri, alimsihi mara kwa mara.

"Nenda ukamwambie, dada. Atakufokea, lakini hatakutafuna."

Binti alimjibu kwamba yeye hamjui yule mtu.

Wiki ya tano ujumbe wa Msumeno ukaja: saa nne, ofisini, na matokeo yako. Alikwenda mikono mitupu. Alipofika hakuwa na uongo mwingine uliosalia, akayamwaga yote, kuanzia kalamu na vifuniko hadi shangazi.

Msumeno hakufoka. Alivua miwani, akauliza ilikuwa lini.

"Wiki tano sasa, mwalimu."

Akampigia simu mtunza maabara kuulizia udongo uliosalia kwenye jokofu. Mzee yule akaja mwenyewe. Alieleza kwamba jokofu lilisafishwa Ijumaa iliyopita, na kwamba tangazo lilikaa mlangoni wiki mbili nzima, mwenye haja na sampuli yake aandike jina. Binti huyu hakuandika, na mzee akadhani amekwisha kumaliza kazi yake. Mzee aliomba radhi kana kwamba kosa lilikuwa lake.

"Ungekuja hata Alhamisi," msimamizi akasema taratibu. "Tungepanda upya. Ni kazi ya siku tatu."

Upole ule ulimuumiza kuliko msumeno wowote. Alikuwa amelikimbia karipio la dakika kumi, akaukimbilia mwaka mzima.

Alipotoka alikaa kwenye ngazi, akampigia mama yake mara moja, kabla hofu haijamtungia msiba mwingine. Alisikia cherehani ikinguruma upande wa pili.

"Mama, mwaka huu sihitimu. Nilikosea, halafu nikaficha."

Cherehani ikanyamaza. Mama akauliza kosa lenyewe lingerekebishwa kwa muda gani lingesemwa mapema. Binti akamwambia.

"Gauni litakungoja," mama akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. "Lakini siku tatu, mwanangu? Siku tatu umezilea mpaka zikawa mwaka?"

Jibu binti alikwisha kuliandika zamani, kwenye insha ile aliyosifiwa: mficha uchi hazai.