Kipa Aliyesikia "Nje"

Fumbeni macho kidogo, wapendwa. Na wewe uliyeshika simu, iweke mfukoni, haitakimbia. Haya. Mwoneni kijana mmoja amesimama golini. Mkono mmoja ameushika mlingoti, vile mtoto anavyoshika khanga ya mama yake siku ya kwanza ya shule. Mpira uko mbali kule, upande wa pili wa uwanja, lakini yeye mlingoti hauachii. Nyuma ya goli lake kuna kilima cha nyasi. Kilima kimejaa watu, na watu hao wamekasirika.

Mnamwona? Basi fumbueni macho. Nataka kuwasimulia habari za kijana huyo.

Alikuwa kipa wa timu ya mji mmoja mdogo. Timu ya kawaida tu, leo inashinda, kesho inafungwa. Lakini ilikuwa na ugonjwa wake. Ikifungwa mara mbili tatu mfululizo, kocha anafukuzwa. Kocha mmoja alimwambia kijana, "Toka golini, uuwahi mpira." Kabla kijana hajazoea kutoka, kocha akafukuzwa. Akaja mwingine: "Ukitoka golini nakuweka benchi." Kabla hajazoea kubaki, huyo naye akafukuzwa. Akaja wa tatu, anataka kipa acheze kwa miguu kama beki. Huyo wachezaji hawakuwahi hata kulishika jina lake vizuri.

Niwaulize. Ungekuwa wewe, ungejifunza nini kwa makocha hao watatu? Kijana alijifunza kwamba makocha wanapita. Basi. Akaacha kumsikiliza yeyote. Akasimama kwenye mstari wake, akashika mlingoti. Mpira uliomfikia aliudaka, usiomfikia aliutazama ukiingia. Wenzake wakampa jina. Wakamwita Mlingoti.

Ndipo akaja kocha wa nne, mtu mzima, mpole, hana makeke. Siku ya kwanza ya mazoezi alimwita kijana pembeni.

"Wewe ndiye Mlingoti?"

"Ndivyo wanavyoniita, mwalimu."

"Na unakusudia kuwa mlingoti mpaka lini?"

Kijana akacheka, kisha akasema lililokuwa moyoni. "Mwalimu, usijisumbue na mimi. Siku nitakayokuelewa, wewe utakuwa umeshafukuzwa."

"Basi tuharakishe," akasema kocha. "Nitakufundisha maneno mawili. Nikisema 'ndani', unabaki kwenye mstari. Nikisema 'nje', unatoka mbio, usisite, hata kama moyo unakudunda. Mengine niachie mimi."

"Mawili tu?"

"Mawili tu. Kwa sasa utasikiliza sauti yangu. Baadaye utausikia mpira wenyewe, na mimi hutanihitaji tena."

Wapendwa, nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mtoto aliyekariri ukurasa mzima kichwani huusoma kama maji. Wazazi hupiga makofi. Siku mwalimu anapomfundisha kusoma kweli, herufi kwa herufi, mtoto huyo huanza kugugumiza. Anaweka kidole kwenye neno, anatoa jasho, anakosea hata lile alilokuwa akilisema jana. Mzazi asiyejua anasema, "Mwanangu ameharibiwa." Hajaharibiwa! Ameanza kujifunza. Hakuna mtu aliyewahi kuacha zoea la zamani na kushika jipya bila kupita mahali hapo pa kugugumiza.

Na kipa akapita hapo hapo. Kocha akisema "nje", anatoka nusu, anakumbuka mlingoti wake, anarudi. Wakafungwa bao la namna hiyo. Mechi iliyofuata akatoka amechelewa. Wakafungwa tena. Mazoezini, hata hivyo, mambo yalikuwa yakibadilika. Hatua zilikuwa zinazidi kuwa za uhakika. Mabeki walianza kumwamini, wakaacha kurudi nyuma kumlinda.

Lakini nani aliyaona hayo? Mwenyekiti wa timu hakuja mazoezini hata siku moja. Wanakamati hawakuja. Mashabiki waliojua kueleza makosa ya kocha kuanzia kwa kinyozi hadi sokoni, hakuna hata mmoja aliyetembea mpaka uwanjani siku ya mazoezi kuona mtu huyo anafundisha nini. Hili ndilo linaloniudhi. Walimhukumu mwalimu bila kulichungulia darasa lake.

Siku moja mwenyekiti alifika uwanjani, hakushuka hata kwenye gari. Akateremsha kioo, akamwita kocha mbele ya wachezaji.

"Mwalimu, tumekuvumilia vya kutosha. Jumamosi mkishinda, sawa. Mkitoka sare, utabaki mpaka mwisho wa msimu. Mkifungwa, Jumatatu usije hapa."

"Mwenyekiti, shuka basi utazame mazoezi kidogo."

"Mimi natazama matokeo." Kioo kikapanda.

Kijana wetu alisikia kila neno. Na sasa tazameni ajabu. Yule aliyekuwa hajali kocha yupi anakuja na yupi anaondoka, wiki ile alikuwa wa kwanza kufika mazoezini na wa mwisho kuondoka.

"Mwalimu, safari hii hufukuzwi," alimwambia kocha.

"Umekuwa mwenyekiti?"

"Mimi ndiye kipa. Nisipofungwa, unabaki. Nipigie mpira mwingine. Sema 'nje'."

Jumamosi ikafika. Mechi ilikuwa ngumu, nanyi mnajua mechi ngumu ilivyo: mpira hauna raha, kila mtu anapiga mbele na kurukia miguu. Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao. Kipindi cha pili kikaanza hivyo hivyo. Kocha, pale kwenye benchi lake, akisema "ndani", kijana anabaki. Akisema "nje", kijana anatoka kama mshale, anaudaka mpira juu ya vichwa vya watu. Mara ya kwanza alipofanya hivyo, beki wake mmoja alimkumbatia. "Mlingoti umetembea!" akapiga kelele, na wachezaji wote wakacheka katikati ya mechi.

Sare ilikuwa inatosha. Sare ilikuwa inambakiza kocha. Lakini kule kilimani watu hawakuja kutazama sare. Walikuja kushinda. Mchezo ulipokaribia mwisho, mtu mmoja mwenye sauti ya tarumbeta akasimama nyuma ya goli, akaita:

"Kochaaa!"

Na kilima kizima kikajibu: "Nje!"

"Kochaaa!"

"Nje!"

Mwenyekiti alikuwa amekaa pale pale kilimani, na mwavuli wake. Mnadhani aliwanyamazisha? Alikuwa ametoa ahadi kwa kinywa chake mwenyewe. Aliufunga mwavuli, akasimama, akaanza kuupiga mkononi kufuata wimbo. "Nje! Nje! Nje!"

Wakati huo huo, mchezaji wa timu pinzani akapiga mpira mrefu wa juu kutoka katikati ya uwanja. Mshambuliaji wao akaukimbilia. Alikuwa ameuwahi, yuko karibu nao kuliko kipa. Kocha aliona. Akanyanyua mikono yote miwili akaita kwa nguvu zake zote, "Ndani! Ndani!"

Sauti ya mtu mmoja, wapendwa. Na mgongoni mwa kijana, karibu kabisa, kilima kizima kinaunguruma neno moja.

Nje.

Kijana akatoka. Hakusita. Hakukumbuka mlingoti. Alitoka mbio kama alivyofundishwa, na mshambuliaji akauinua mpira kidogo tu, kwa ncha ya kiatu, ukampita juu ya kichwa, ukadunda mara moja, ukaingia goli tupu. Muda si mrefu refa akapuliza filimbi ya mwisho.

Hawakusubiri Jumatatu. Mwenyekiti aliteremka kilimani na mwavuli wake, akamfukuza kocha pale pale kwenye benchi, mbele ya vijana wake. Kisha akamgeukia kipa.

"Na wewe! Miaka yote umeganda hapo golini kama kisiki, leo ndiyo siku ya kutoka? Nani kakwambia utoke?"

Kijana alikuwa analia. "Ninyi."

"Sisi? Sisi nani?"

"Ninyi, mwenyekiti. Nilisikia 'nje'. Mwalimu alinifundisha nikisikia 'nje' nitoke. Nikatoka."

Mwenyekiti akageuka kuwatazama watu wake. Watu waliokuwa nyuma yake wakaanza kutazama viatu vyao.

Ni kocha aliyesema. Alikuwa ameshafunga begi lake. Akamwekea kijana mkono begani.

"Ulivyotoka leo ndivyo kipa anavyotoka," akamwambia. "Hukusita. Umeshajifunza neno la kwanza, mwanangu."

Akaondoka. Wiki iliyofuata akaja kocha wa tano, naye alikuwa na maneno yake. Kijana alimsikiliza kwa heshima, akaitikia "Ndiyo, mwalimu." Kisha akarudi golini, akanyoosha mkono, akashika mlingoti.

Mbona mmenyamaza? Mlikuwa mnacheka hapo mlingoti ulipotembea.

Nina hasira leo, na sitawaficha. Sisemi kocha asifukuzwe kamwe. Kocha mlevi aondoke. Kocha anayewatukana watoto wa watu aondoke leo hii, na begi nitambebea mimi mpaka stendi. Lakini kumfukuza mtu katikati ya somo, na somo lenyewe hukuwahi kwenda kulitazama, na kelele zako ndizo zilizolivuruga, halafu unamgeukia mwanafunzi unamuuliza kwa nini ameshindwa? Hilo ni jambo gani? Mnasikia wachezaji wanavyomwita kocha wao. Wanamwita mwalimu. Wao wanajua kazi yake. Sisi tulioko kilimani ndio hatujui.

Na msidhani nazungumzia mpira tu.

Baada ya ibada hii kuna kikao cha wazazi. Ajenda naijua. Mnataka mwalimu wa watoto wa kanisa hili aondolewe, kama alivyoondolewa aliyemtangulia, kama alivyoondolewa aliyemtangulia huyo. Mnasema sikukuu iliyopita watoto walisimama hapa mbele, wakakwama kwenye mistari waliyokuwa wakiisema bila kosa, mkaona aibu mbele ya wageni. Kweli walikwama. Nilikuwepo. Lakini zamani walikuwa wanakariri kama kasuku, wapendwa, na sasa wameanza kusoma. Wako mahali pale pa kugugumiza. Wanatoa jasho, kidole kwenye neno. Na ninyi mnataka kuwaondolea mtu aliyewafikisha hapo!

Nani kati yetu amewahi kuingia darasani mwake? Kuna benchi la wageni mle ndani, karibu na mlango. Pitisheni kidole juu yake, mje mnioneshe vumbi.

Halafu jioni nyumbani chakula kikiwekwa, baba anasema, "Yule mwalimu hamna kitu, aondoke tu." Mama anaitikia. Hawasemi na mtoto. Mtoto yuko pale kwenye mkeka na tonge lake la ugali, hakuna anayemtazama. Lakini Jumapili inayofuata mwalimu anamwambia, "Soma, mwanangu," naye anamtazama mwalimu yule kama mtu anayepita. Anarudi kwenye kukariri kwake. Anashika mlingoti. Na mwisho wa mwaka sisi, sisi sisi wenyewe, tunamsimamisha mtoto mbele yetu na kumuuliza: kwa nini hujui kusoma? Nani kakuharibu?

Akitujibu "ninyi", tutatazama wapi?

Hasira yangu imeishia hapo, wapendwa. Sitawaambia mkaamue nini kwenye kikao. Ninyi ni watu wazima, na huenda mwalimu huyu ana makosa ambayo mimi siyajui. Nendeni kwanza mkakae kwenye lile benchi, mmoja leo, mwingine Jumapili ijayo, kisha mseme. Na ninyi viongozi wa timu, nimewaona mmekaa kule nyuma, uwanja wa mazoezi hauna kiingilio.

Nawaomba tu jambo moja, na hili nawaomba kwa upole. Mtakapofungua kinywa, kikaoni, au nyumbani, au kule kilimani siku ya mechi, mkumbuke kwamba kipa anasikia.